Kula Vizuri Ukubwani: Yanayosaidia na Yanayozuia

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, mtumishi wa Serikali mjini Dodoma, katika mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani uliofanyika bwaloni. Tunaichapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kufika. – Mhariri)



Katibu aliponipigia simu alinitaka nizungumze juu ya mchango wa wanafunzi wa zamani katika maendeleo ya Taifa. Nilimwomba ruhusa nibadili mada, naye akakubali kwa shingo upande. Leo nataka kuzungumza juu ya chakula. Najua kwamba harufu ya pilau inatoka nyuma ya bwalo hili hivi ninavyosema, na kwamba makreti ya soda yamepangwa pale mlangoni. Sikuja kumharibia mtu karamu. Nitakula pamoja nanyi. Lakini ninaomba mnisikilize kwanza, maana jambo lenyewe limeniingia mpaka ndani.

Wale wa darasa letu wanajua kwamba kiti kimoja leo kiko tupu. Ndugu yetu yule aliyekuwa akilala kitanda cha juu yangu, ambaye hakukosa mkutano hata mmoja, tulimzika mwaka jana. Alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 45. Miezi minne kabla ya hapo tulikuwa pamoja mnadani Msalato, siku ya Jumamosi, watu sita tuliozunguka sinia la nyama ya mbuzi. Yeye alikula kidogo akajivuta nyuma. Nikamwuliza, "Vipi, kaka, mbona unakula kama mgonjwa?" Akasema, "Nimeambiwa nipunguze." Tukacheka wote. Mimi nikachukua kichupa cha chumvi, nikaimwaga juu ya nyama iliyobaki upande wake, nikamwambia ale, asitutie aibu. Akala.

Sisemi kwamba nyama ya siku ile ndiyo iliyomwua. Maradhi ya namna ile hujengwa kwa miaka mingi, na kwa sababu nyingi. Ninalosema ni kwamba mwenzetu alikuwa amejua la kufanya, alikuwa ameanza kulifanya, na mimi rafiki yake ndiye niliyekuwa kizuizi. Jambo hilo sitalisahau.

Wiki mbili baada ya mazishi nilikwenda kupima. Nesi, mama wa makamo, alinifunga mkanda mkononi, akapima, akanyamaza. Akapima mara ya pili. Ilikuwa 178 kwa 112. Mtu akifika 140 kwa 90, na ikaendelea hivyo kila akipimwa, huhesabiwa kuwa ana shinikizo la juu la damu. Kilo zangu zilikuwa 97. Akaniuliza, "Baba, unaishi na nani hapa Dodoma?" Nikamjibu kwamba naishi peke yangu, familia iko Dar es Salaam. "Basi nani anakupikia?" Nikasema, "Mama lishe." Akaniuliza tena, "Na yeye anajua kwamba una presha?"

Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa na shahada ya uchumi, nimeandika madokezo mengi ya kumshauri mkubwa wangu juu ya mambo makubwa, lakini swali lile sikuwa na jibu lake. Maneno yangu yote ya leo ni jaribio la kulijibu.

TUNAJUA, LAKINI HATULI

Watu hudhani kwamba mtu mzima hula vibaya kwa sababu hajui. Kwa nchi yetu jambo hilo si kweli sana. Mwaka 1973 Serikali iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa "Mtu ni Afya", ambayo watu waliifuata katika vikundi vya kusikiliza huko vijijini. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya "Chakula ni Uhai". Marehemu baba yangu alikuwa katika kikundi kimojawapo. Sisi watoto wake tulizaliwa baada ya hapo, lakini tulikua tukiyasikia makundi ya vyakula mezani kama tunavyosikia sala. Na hapa shuleni tuliyajibu katika mitihani ya Biolojia, tukapata alama nzuri.

Mafundisho hayo hayakukoma. Mwongozo wa kitaifa wa chakula uliotolewa mwaka 2023 unataja makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika, mboga, matunda, jamii ya kunde, karanga na mbegu, vyakula vitokavyo kwa wanyama, na mafuta yaliyo salama kwa afya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale mboga na matunda gramu 400 kwa siku, asizidishe gramu 5 za chumvi, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima, na sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi, na ikiwa nusu ya hapo ni bora zaidi. Soda ya kawaida ya nusu lita peke yake ina gramu 50 hivi. Mtu akimaliza chupa hiyo mchana, amekwisha kula sukari yake yote ya siku, bila ya kuhesabu chai.

Mambo hayo si siri. Lakini uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba zaidi ya robo yao walikuwa na shinikizo la juu la damu, kwamba kama watu 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari, na kwamba karibu wote hawakuwa wakila mboga na matunda ya kutosha. Mwaka 2022 zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, na hapo hapo watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mara nyingine mambo haya mawili hukaa katika nyumba moja.

Basi kama tunajua, kwa nini hatuli tunavyojua? Nitataja vizuizi vinne, vile nilivyokutana navyo mwenyewe.

KIZUIZI CHA KWANZA: SAA ZA KAZI

Ofisi za Serikali huanza saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Mtu anayekaa mbali na Mji wa Serikali kule Mtumba hutoka nyumbani alfajiri. Chai hanywi, au huinywa mezani pake ofisini, ya rangi, vijiko vitatu vya sukari, na maandazi mawili. Saa 7 njaa imekwisha kuwa kali, na mtu mwenye njaa kali hachagui. Jioni hurudi amechoka. Kama yuko peke yake, husimama njiani kununua chipsi mayai, ile ambayo vijana huiita zege. Ni sawa hasa kuiita hivyo, maana hukaa tumboni kama zege. Viazi vimekaangwa katika mafuta yaliyotumika tangu asubuhi, yakaongezwa mafuta mengine kwa ajili ya mayai, na chumvi juu yake. Mboga ni vipande viwili vya nyanya. Lakini iko tayari kwa dakika kumi, ni ya moto, na hakuna sufuria ya kuosha.

Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma, wengi wetu tumeishi maisha haya ya ubachela wa ukubwani. Mtu ana mke na watoto, lakini hula kama mwanafunzi wa Chuo Kikuu siku ya pili baada ya kupata bumu.

KIZUIZI CHA PILI: SAHANI YENYEWE

Angalieni sahani anayopewa mtu mzima mwanamume mahali popote pa kula. Mlima wa wali au ugali, kipande cha nyama au samaki, maharage kidogo, na mboga za majani kiasi cha kujaza kijiko. Tukiomba kuongezewa, tunaomba ugali. Sijapata kumsikia mwanamume akigonga sahani na kusema, "Mama, ongeza mchicha."

Na ugali wenyewe ni wa sembe. Hindi linapokobolewa huondolewa ganda na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, mafuta mazuri na sehemu kubwa ya vitamini. Kinachobaki ni wanga mweupe, laini, unaokaa dukani muda mrefu. Dona huharibika mapema kwa sababu ya yale mafuta ya kiini, na wenye maduka hawaipendi kwa sababu hiyo. Lakini nisiwadanganye: dona nayo ina sharti lake. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu yenye sumu, tunayoiita sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo anayetaka dona achague mahindi makavu, ayapepete, na atupe punje zote zilizooza au kubadilika rangi. Asisage takataka akaita afya.

KIZUIZI CHA TATU: HESHIMA

Hiki ndicho kikubwa kuliko vyote, nacho huzungumzwa kidogo sana.

Tuliokuwa vijana katika miaka ya 1990 tunakumbuka ule woga wa kukonda. Ukimwi ulikuwa ukiua watu, dawa hazikuwapo, na mtu akipungua kidogo tu, majirani walianza kunong'ona. Kunenepa kulikuwa cheti cha uzima. Mtu akirudi kijijini ana kitambi, aliambiwa, "Hongera, mambo yako mazuri." Nilipoanza kupungua mwaka jana, shangazi yangu alinivuta kando msibani akaniuliza kwa machozi kama kuna jambo ninaloficha. Ilinibidi nimwonyeshe kadi ya kliniki ya presha ili atulie.

Heshima hiyo hiyo imo katika kukaribisha. Mgeni hapewi maji matupu. Hupewa soda, na ya baridi. Mgeni hapewi mihogo ya kuchemsha. Na hapa, ndugu zangu, ninaungama. Katika ofisi yangu mimi ndiye ninayeandaa dokezo la viburudisho vya mikutano. Kwa miaka minane niliandika yale yale: soda, sambusa, chapati, kuku wa kukaanga. Baada ya kuugua nikaandika mengine: mahindi ya kuchemsha, mihogo, viazi vitamu, karanga, ndizi mbivu, machungwa na maji. Dokezo likapita. Siku ya mkutano ilipofika, mjumbe mmoja alifunua sahani, akaifunika, akaniuliza mbele ya watu wote, "Kaka, fungu limekwisha?" Wengine wakacheka. Sahani nyingi zilirudi jikoni zimejaa, na madereva ndio waliokula vizuri siku hiyo.

Mambo ya mlenda ni hayo hayo. Dodoma ni nchi ya mlenda, uwele na mtama. Wenyeji wameishi na ukame kwa vyakula hivyo tangu zamani. Mboga huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa, huwekwa mpaka kiangazi. Lakini mtumishi anayehamia huko huviona kuwa ni vyakula vya shida, na wenyeji wenyewe wakishapata mshahara huviacha. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Sisi tumekuwa watumwa wa kikaango.

KIZUIZI CHA NNE: WANAUME NA JIKO

Shule hii ilitufundisha mengi. Ilitufundisha logi, jiografia ya Kanada na historia ya Ulaya. Haikutufundisha kuchemsha maharage. Nyumbani nako jiko lilikuwa la mama na dada. Matokeo yake ni kwamba mwanamume wa miaka 45, mwenye shahada, akiachwa na kilo ya maharage, vitunguu na fungu la matembele, anaweza kulala na njaa. Na akioa, mzigo wote wa lishe ya nyumba huwa wa mkewe, ambaye naye huenda kazini saa ile ile na kurudi saa ile ile. Kuchambua mchicha, kuosha na kukata huchukua muda mrefu kuliko kukaanga mayai. Tukilalamika kwamba nyumbani hakuna mboga za kutosha, tujiulize kwanza nani tunataka azichambue.

MAMBO YALIYONISAIDIA

Baada ya vizuizi, sasa nieleze yaliyonisaidia. Sitasema kwamba nilijikaza kiume. Nilijaribu kujikaza kwa majuma matatu, nikashindwa. Jambo nililojifunza ni kwamba nia peke yake huchoka jioni. Kinachosaidia ni kupanga mambo mapema, kabla njaa haijafika.

La kwanza, nililipeleka lile swali la nesi mahali pake. Nilikwenda kwa mama lishe wangu saa 4 asubuhi, kabla wateja hawajaja, nikamwambia kwa aibu, "Dada, mimi nina presha." Nilidhani atanihurumia au atanicheka. Akaniambia, "Kumbe na wewe! Mume wangu pia." Tangu siku hiyo hunitilia ugali kidogo, maharage mengi na mboga nusu sahani, na mboga zangu huziepua kabla ya kutia chumvi. Bei ni ile ile, kwa sababu nyama napunguziwa. Baadaye aliniambia kwamba wako wateja kumi na mmoja ambao sasa humwomba "sahani ya mhasibu", ingawa mimi si mhasibu. Watu hao kumi na mmoja walikuwa wakila benchi moja na mimi, kila mmoja na siri yake.

La pili, nilijifunza kupika. Mke wangu alinifundisha kwa simu. Jumapili jioni huloweka maharage au kunde, nachemsha sufuria kubwa, nagawa katika vibakuli, naweka katika friji. Tangu treni ya umeme ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, nyumbani naenda mara nyingi zaidi, na hurudi na kisamvu kilichotwangwa. Sipiki kwa ustadi. Mara ya kwanza niliunguza sufuria mpaka jirani akagonga mlango. Lakini mtu ambaye chakula chake kiko tayari nyumbani hupita mbele ya kikaango cha chipsi bila vita kubwa.

La tatu, nilibadili chai kidogo kidogo. Vijiko vitatu, kisha viwili na nusu, kisha viwili. Ilinichukua miezi mitano kufika nusu kijiko, na sasa ile chai ya zamani nikipewa naiona kama dawa ya kikohozi. Ulimi hufundishika, ila haupendi kuamrishwa ghafula. Chumvi vile vile: niliiondoa mezani, nikaongeza ndimu, tangawizi na kitunguu saumu jikoni.

La nne, nilirudia lile dokezo la viburudisho, lakini safari hii kwa akili. Sikuondoa sambusa zote. Nilizipunguza nusu, nikaweka matunda yaliyomenywa na kukatwa, pamoja na zabibu za Dodoma, katika sahani nzuri, na karanga katika bakuli za kioo. Maji nikayaweka mezani mbele ya kila mjumbe. Soda nikaiweka kwenye meza ya mbali, anayetaka aifuate. Hakuna aliyeuliza kama fungu limekwisha. Matunda yalikwisha kabla ya sambusa. Mkononi mwa mtu huingia kile kilicho karibu na kilichokwisha menywa. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na nadhani lina faida kuliko hotuba nyingi, pamoja na hii.

La tano ni wenzangu. Tuko wanne ofisini tunaopima presha kila Ijumaa kwa kipimo tulichochangia. Mtu asiyekuja hutafutwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na vidonge ninameza kila siku, kama daktari alivyoagiza. Nasema hivi wazi kwa sababu wako ndugu wanaoacha dawa wakisikia habari za mboga. Chakula ni msaidizi wa dawa. Ruhusa ya kuiacha hutolewa na daktari peke yake. Mwezi uliopita nilipimwa 134 kwa 86, na kilo 88. Nesi hakunisifu sana. Alisema tu, "Usizoee."

Sitaki mdhani kwamba nimekuwa mtakatifu. Zipo siku ninaporudi kwenye zege. Na mishahara yetu haifanani. Ni rahisi kwangu kusema parachichi. Si rahisi kwa ndugu mwenye watoto sita na kibarua cha siku. Lakini maharage, kunde, mchicha, dagaa na maembe ya msimu si vyakula vya matajiri, na kwa bei ya soda moja bado napata ndizi mbivu tatu mahali ninaponunua.

TUREJEE SHULENI

Wengi wenu mnatabasamu, mkikumbuka ugali wa dona na maharage ya hapa. Tuliuchukia sana. Tuliapa kwamba tukishapata kazi hatutagusa dona tena, na kiapo hicho tumekitimiza kwa uaminifu kuliko viapo vingine. Sipendi kuusifu zaidi ya haki yake. Maharage yalikuwa na wadudu, mboga zilikuwa za nadra, na matunda yalikuwa yale tuliyoyaiba katika miembe ya nyuma ya mabweni, ambayo Mwalimu wa zamu aliyahesabu kuliko alivyotuhesabu sisi. Lakini tulitembea, tulilima, tulikula kunde karibu kila siku, na soda tuliiona siku ya mahafali.

Jana jioni nilizunguka shule. Ile miembe imebaki miwili. Bustani ya mboga iliyokuwa chini ya kisima sasa ni majani. Na penye uzio wa nyuma kuna kijana mwenye kikaango, anauzia wanafunzi chipsi kupitia matundu ya waya. Simlaumu kijana yule, anatafuta riziki. Lakini wadogo zetu hawa wanajifunza leo ulaji watakaouhangaikia wakiwa na umri wetu.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta mapendekezo matatu, nayaomba yaingie katika kumbukumbu za mkutano.

Moja: Chama chetu, kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, kichange fedha za kufufua bustani ile na kununua miche ya miembe, mipapai na miparachichi. Kila darasa lipande na kutunza mstari wake. Nimekwisha kuzungumza na wenzangu wa darasa letu, na mstari wa kwanza tumeuchukua sisi. Tutaupa jina la ndugu yetu yule.

Pili: kila kijana anayemaliza hapa awe amekwisha kupika, kwa mikono yake, sufuria ya maharage na mboga ya majani, chini ya usimamizi wa wapishi wetu. Tusimwache aende Chuo Kikuu na alama A ya Kemia na tumbo lisilo na mpishi.

Tatu: kila mkutano wetu wa mwaka uwe na meza moja ya kupima presha, sukari na uzito, kabla ya chakula. Mwaka huu sikungoja kura. Kipimo cha presha kiko pale kulia, karibu na ubao wa majina ya viranja wakuu. Nesi wa shule amekubali kutusaidia. Nitakuwa wa kwanza kufungwa mkanda, na namba yangu nitaisoma kwa sauti.

Wahenga walisema, mla ni mla leo, mla jana kala nini. Kwa njaa ya leo wamesema kweli. Lakini mishipa ya damu haikubaliani na methali hiyo. Yenyewe hukumbuka sana mla jana alikula nini.

Ndugu zangu, tukimaliza kupima tutakwenda kula pilau, na kachumbari nimeomba iwe nyingi. Namwomba kila mmoja wenu jambo moja tu. Mwenzako akisema, "Nimeambiwa nipunguze," usicheke. Msogezee maji, na chumvi iweke mbali.